Viti vya Ndege Salgaa

Watu wa Salgaa waliniita Mama Ndege, na mgeni aliyesikia jina hilo alidhani nafuga kuku. Sababu ilikuwa viti. Mwaka wa 2007, katika hoteli yangu ndogo kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, madereva wa malori walikuwa wakila ugali na matumbo wakiwa wamekalia viti vya ndege. Vilikuwa viti halisi vya ngozi, vilivyotoka katika ndege ya pangaboi, zile ndege za zamani zenye mapanga yanayozunguka mbele ya mbawa.

Nilianza kuvitaka nikiwa na miaka saba.

Asili yetu ni pwani, lakini babu alifuata kazi ya reli akaja Nakuru, akajenga Bondeni, na sisi tukawa watu wa huku. Baba yangu alianza kwa kufagia ofisi za uwanja wa ndege kule Nairobi. Alipanda polepole mpaka akavalishwa koti jeupe lenye vifungo vya shaba, akawa mhudumu ndani ya ndege zilizokuwa zikienda Kisumu, Entebbe, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Alikuwa akija nyumbani kwa siku mbili tatu, analala mchana kutwa miguu ikiwa juu ya mto, kisha anaondoka tena. Wafanyakazi waliruhusiwa kusafirisha familia zao mara moja moja, na nyanya yangu mzaa mama alipougua Mombasa, mama na mimi tukalala chumbani kwa baba Nairobi, na asubuhi tukapanda ndege. Ikatokea kwamba zamu ya siku hiyo ni ya baba.

Nakumbuka injini ya kwanza ikikohoa moshi wa buluu na kutetemesha bawa zima, kisha panga likazunguka mpaka likapotea machoni. Ndani kulinukia ngozi, mafuta na kahawa. Kiti changu niliona ni kikubwa kuliko kitanda nilicholalia Bondeni. Dirishani palikuwa na pazia la kitambaa lenye pindo. Kabla hatujaondoka baba alipita na sinia la peremende, za kuzibua masikio, kisha akapita tena na taulo ndogo za moto zenye marashi. Alipofika kwetu aliinama kidogo, akamtazama mama kana kwamba hajawahi kumwona.

"Bibi, utapenda chai au kahawa?"

Mama alibana midomo. Asubuhi ile ile mtu huyu alikuwa amemuuliza ameziweka wapi soksi zake.

"Chai, tafadhali," akasema, kisha akageukia dirishani apate kucheka.

"Na bibi mdogo?"

Nikasema maziwa. Akaniletea maziwa moto katika kikombe cha kaure chenye kisahani, biskuti mbili, na kitambaa cheupe cha kuweka mapajani. Hakunikonyeza wala hakunichekea. Alinihudumia vile vile alivyomhudumia mzungu wa kiti cha mbele, na mimi, mtoto wa Bondeni, nikajiona mtu mzima. Tuliruka chini vya kutosha kuwaona ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi. Rubani mwenyewe alitoka mbele akasalimia watu, akatuambia tutazame upande wa kulia tuuone Kilimanjaro. Baadaye joto la mchana likaanza kuturusharusha, na abiria wawili wakatapika kwenye mifuko. Hilo nalo lilikuwepo, sitalificha. Lakini hata hao waliotapika waliletewa maji na taulo safi, na hakuna aliyewaharakisha.

Nilikua, nikafundisha watoto wadogo Nakuru, nikaolewa, nikafiwa. Baada ya kufiwa sikutaka tena darasa. Nikachukua hoteli pale Salgaa, ya mabati na mbao, na mabenchi ambayo ukikaa vibaya yanakumwaga. Madereva walikuwa wakifika wametoka Mombasa, macho mekundu, mgongo umekufa ganzi, wanakula wamesimama kama punda shambani kisha wanaondoka. Nilikuwa nikiwatazama na kusema moyoni kwamba hapa kwangu mtu atakaa. Atakaa vizuri, atakula kwa nafasi yake, na atasemeshwa kama mtu. Sikujua nitafanyaje, lakini niliazimia.

Basi siku moja nilikwenda Nakuru kutafuta tangi la maji lililotumika. Karibu na stesheni ya reli kulikuwa na mzee mmoja Singasinga aliyenunua na kuuza vyuma vikuukuu. Nilipokuwa nazunguka nyuma ya yadi yake niliona turubai limefunika kitu kirefu. Nikalifunua upande mmoja. Ngozi ya rangi ya damu ya mzee, imepasuka kidogo kwenye mishono; sehemu pana za kuegemeza mikono, na ndani yake visahani vidogo vya majivu ya sigara. Vilikuwa vimeungana viwili viwili, jozi nne. Nikainama nikanusa. Pua ilivitambua kabla yangu.

"Hizi zimetoka wapi, mzee?"

"Ndabibi," akasema. "Kulikuwa na mwili ya ndege kwa shamba moja huko. Mwenye shamba alikuwa anaweka ndani nyasi ya ng'ombe. Alipouza shamba, mimi nikanunua chuma. Ndege yote tukakata. Hizi nikashindwa kukata."

"Niuzie."

"Si za kuuza, mama."

Nilirudi wiki iliyofuata, akanipa jibu lile lile. Nilirudi tena. Mara hiyo aliniletea kiti cha plastiki, akaniagizia soda, akaniuliza nataka kuviweka wapi.

"Salgaa. Nina hoteli."

Alicheka mpaka akashika kilemba chake. "Salgaa! Kwa madereva ya lori! Watamwaga supu."

"Ngozi inafutika."

"Watalala hapo na viatu."

"Wakilala, si ni kwa sababu wamechoka?"

Akatazama lile turubai, kisha akaniambia kwamba mama yake alikuja nchi hii kwa meli akitapika njia nzima, lakini aliporudi kuwaona watu wake alipanda ndege ya namna ile. Ndege ilikuwa ikitua jioni, abiria wanalala katika hoteli nzuri, asubuhi wanaendelea.

"Aliongea hiyo safari mpaka siku ya kufa," akasema. "Sasa mimi nikienda, goti iko hapa." Akajigusa kidevu. "Chakula inakuja kwa karatasi. Unamaliza kufungua, wanakuja kuchukua."

Siku hiyo tulipatana. Alinipa sharti moja, kwamba nisizitenganishe zile jozi kwa msumeno, nami nikamwahidi. Lori lake mwenyewe lilivileta Salgaa, na watu wote wa kituo kile cha malori walisimama barabarani kutazama.

Nilipovipanga, viwili kila upande na njia katikati, nilimpigia baba simu. Alikuwa amevuka miaka sabini na mitano wakati huo, akiishi Bondeni na dada yangu. Nilitaka aje aone, na nitasema ukweli: nilitarajia kwamba atalia kwa furaha. Alikuja na basi, akaingia, akasimama mlangoni. Kisha akatembea polepole katikati ya viti, akigusa migongo yake kwa ncha za vidole, mmoja baada ya mwingine, kama alivyokuwa akifanya kazini ndege ikiyumba.

"Keti, baba."

"Hapana."

"Ni hoteli yangu hii. Keti popote."

"Mwanangu, miaka yote ile sikukalia kiti hata kimoja. Tulikuwa na kiti chetu cha kukunja, nyuma kabisa, karibu na choo. Ukikutwa kwenye kiti cha abiria, kazi huna."

"Kazi yenyewe haipo. Shirika lenyewe lilivunjika zamani."

"Mazoea hayajavunjika."

Nilikasirika. Nilikuwa nimehangaika wiki kadhaa kwa ajili ya viti vile. Akaona uso wangu, akavuta benchi la jikoni akakaa juu yake.

"Wewe unakumbuka maziwa," akaniambia. "Mimi nakumbuka miguu. Nakumbuka nikivua viatu Entebbe na soksi haitoki. Nakumbuka mama mmoja aliyekataa kupokea kikombe mkononi mwangu, akasubiri nikiweke mezani kwanza, ndipo akichukue."

"Basi nivitoe?"

"Nani kasema uvitoe? Ndege zile zilikuwa nzuri. Ziliruka kwa nafasi yake, na sisi tulipata muda wa kumhudumia mtu mpaka akaridhika. Zilipokuja jeti nilizifanyia kazi pia, na ilikuwa mbio tu, unagawa, unakusanya, mmefika. Hilo ndilo nililolililia mimi, ule muda." Akageuka akamtazama msichana aliyekuwa akinisaidia kuhudumia wateja. "Lakini viti peke yake ni ngozi tu. Huyu binti yako anaweka sahani kama anayetupa takataka."

Msichana alikuwa wa Rongai, mwepesi wa kazi na mwepesi wa kununa. Alinuna. Baba hakujali. Aliazima kanzu safi, akafunga aproni yangu juu yake, akaanza kazi siku hiyo hiyo. Alikuja kwa siku moja, akakaa wiki tatu.

Alitufundisha kutopiga kelele kutoka jikoni. Alitufundisha kumkaribia mteja kwa upande anaokuona, si kwa mgongo, maana mtu aliyeendesha lori kutwa anashtuka haraka. Usimwondolee sahani mpaka aisukume mwenyewe. Kikombe kigeuze, mkono wake uwe upande wa mkono wa mteja. Halafu akasema tununue taulo ndogo. Hapo msichana na mimi tulitazamana, lakini tulinunua, na tukawa tunazichovya katika maji moto yenye limau na kuzikamua.

Mteja wa kwanza kupewa alikuwa dereva mmoja mnene wa njia ya Mombasa na Kampala, mteja wangu wa siku zote. Aliiangalia ile taulo inayofuka mvuke juu ya sinia.

"Mathe, hii ni ya nini? Nimekufa, naoshwa?"

Hoteli nzima ikacheka.

"Ni ya uso, bwana," baba akasema. "Umetoka mbali."

Dereva akajifuta uso, shingo, nyuma ya masikio. Taulo ikawa nyeusi. Aliitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, iko ingine?"

Baba akampa nyingine, akainama. "Utapenda chai au kahawa?"

"Babu, kahawa hatuna," msichana akanong'ona.

"Basi utapenda chai au chai?"

Yule dereva alirudi wiki iliyofuata na wenzake watatu. Walikuwa wakiingia wakisema, "Niaje mathe, leo tunapaa kwenda wapi?" Wengine waliulizia kiti cha dirishani, nami nikawapa. Mtu akiegemea nyuma akasinzia, hatukumwamsha; msichana alimfunika leso. Mpaka Desemba nilikuwa na wateja ambao walikuwa wakivuka Nakuru nzima bila kula ili wafike kwangu. Baba alikuwa amerudi Bondeni, lakini alinipigia simu kila Ijumaa kuuliza kama taulo bado zinakamuliwa vizuri.

Kisha ukaja uchaguzi, na yaliyofuata uchaguzi. Mimi nilikuwa nimeshuka Nakuru kuwa na watu wangu. Siku za mwisho za mwaka barabara ilifungwa kwa mawe na magurudumu yanayowaka. Msichana akanipigia simu kutoka kwao Rongai, analia: vibanda vya upande wetu vimechomwa, watu wameingia hotelini, yeye amekimbia. Sisi hatukuwa wa upande wowote katika ugomvi ule, lakini aliyeshika kiberiti hakuuliza. Mwisho wa Januari moto ukafika Nakuru kwenyewe. Tulijifungia Bondeni, na ua wetu ukajaa majirani waliokuja na magodoro na watoto. Baba alipika chai kwenye jiko la makaa, akawapelekea kwenye sinia, akiinama mbele ya kila mmoja. Sukari ilipokwisha aliwaomba radhi kama kwamba kosa ni lake.

Wakubwa wa siasa walipopeana mikono, dada yangu alidhani nitatulia. Mwezi wa Aprili nikamwambia narudi Salgaa.

"Salgaa kuna nini tena?" akauliza.

"Kuna hoteli yangu."

"Kuna majivu yako."

"Basi nitaanza na majivu."

Baba akaingia chumbani na kutoka na begi lake.

Tulichokuta ni nguzo nyeusi na sakafu. Mabati yalikuwa yameng'olewa yote. Jozi moja ya viti ilikuwa pale pale ilipokuwa, imebaki vyuma vitupu vilivyopinda, ngozi imekuwa gamba. Jozi tatu hazikuwepo. Nilisimama hapo nikasema kwa sauti, nafikiri nilikuwa nawaambia wale waliokuwa wakinichungulia kutoka ng'ambo ya barabara, kwamba viti vyangu vitarudi, na kama havirudi nitavifuata.

Jozi ya kwanza ilikuja yenyewe. Yule dereva mnene alituona tumerudi, akaegesha lori akashuka mbio.

"Mathe! Ulidhani tumekusahau?" Akaniambia kwamba siku ile moshi ulipoanza yeye alikuwa hapo, na kabla hajaondoka yeye na tanboi wake, msaidizi wa lori, walipakia jozi moja iliyokuwa karibu na mlango. Aliishusha Mai Mahiu, kwenye kibanda cha dada yake. "Shida ni moja tu. Sista hataki kurudisha. Wateja wake wamezoea."

"Mwambie nakuja mwenyewe."

"Aii, usije. Nitaleta." Na safari iliyofuata alileta.

Jozi ya pili tulisikia iko kwenye kinu cha kusaga mahindi, juu kidogo ya kituo. Nilikwenda asubuhi. Akina mama waliosubiri unga walikuwa wameikalia, mifuko miguuni. Nikamwambia mwenye kinu kwamba viti vile ni vyangu.

"Nilinunua," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

Akawasha kinu kwa makusudi, kelele ikafunika kila kitu. Nikasubiri mama mmoja ainuke kuchukua unga wake, nikakaa. Kila kinu kilipozimwa na mama mpya kuingia, nilimsalimia, nikamweleza kwamba viti hivi ni vya hoteli yangu pale chini, vimetoka katika ndege, na ninavisubiri viamue kurudi. Nilisema hivyo bila hasira. Akina mama hao walinijua, na wengine walikuwa wakiniuzia sukuma wiki. Mmoja alikaa karibu nami akasema kwa sauti ili mwenye kinu asikie, "Hata mimi nilikuwa nashangaa kiti ya kinu inatoa wapi sahani ya sigara." Mchana ulipoanza kuinama, mwenye kinu alizima mashine, akapangusa unga usoni, akaleta mkokoteni wake mwenyewe.

"Inuka basi nikupelekee," akasema. Tulipofika akanisaidia kuvishusha, na akarudi na mkokoteni wake.

Jozi ya tatu ndiyo iliyonipa kazi. Hakuna aliyetaka kusema. Mwishowe msichana wangu alisikia sokoni kwamba iko mlimani, kwa bibi kizee mmoja, na aliyeipeleka ni mwanawe. Akaniomba nisiende. Nikamwambia nakwenda kesho yake. Baba akasema naye anakwenda, na nilipomtajia ule mlima akachukua fimbo. Tulipanda sote watatu, tukipumzika kila baba alipotaka kutazama shamba la mtu.

Boma lilikuwa safi, limefagiwa. Viti vilikuwa chini ya upenu wa nyumba, vimefunikwa nusu kwa blanketi, na bibi alikuwa amekalia kimoja akichambua maharagwe kwenye ungo. Alitutazama tukija kutoka mbali. Hakuinuka.

"Mmefuata kiti," akasema.

"Tumefuata kiti, nyanya," nikajibu.

"Nilijua iko na mwenyewe. Kitu nzuri kama hii haizaliwi barabarani. Nilimuuliza kijana wangu ametoa wapi, akanyamaza. Nikajua." Akaweka ungo chini. "Lakini nyonga yangu ni mbaya, mama. Miaka mingi sijakaa bila kuumwa. Nikakaa hapa siku ya kwanza nikasema, wacha mwenyewe aje, mimi nitakuwa nimepumzika."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari tangu kule chini. Baba akasogea mbele, akainama vile alivyozoea.

"Bibi, kinakufaa? Umekilaza?"

"Kukilaza vipi?"

Akamwonyesha kidude cha chuma kando ya mkono wa kiti. Akamwambia aegemee kwa nguvu kidogo. Kiti kikateremka nyuma polepole, na bibi akapiga ukelele, akashika mikono yote miwili ya kiti, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi. "Miezi yote hii!" akasema. "Na hakuna mtu aliniambia!"

Alipotulia alimtazama baba aliyesimama mbele yake ameshika fimbo. Akapiga kile kiti cha pili kwa kiganja.

"Keti, mzee. Umepanda mlima."

"Nashukuru bibi, nimezoea kusimama."

"Kwangu hakuna mtu anasimama. Keti, unanichosha shingo."

Baba akanitazama. Akageuka taratibu, akashika mkono wa kiti, akajishusha. Alikaa wima kwanza, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa. Bibi akaita ndani, mkwewe akaja na maziwa ndani ya kibuyu na vikombe vya bati, akammiminia baba wa kwanza, akampa kwa mikono miwili. Baba alikipokea. Alikunywa nusu, akapumua, akaegemea nyuma mpaka kichwa kikagusa ngozi, akafumba macho.

"Hivi ndivyo walivyokuwa wanajisikia," akasema.

Tulipoondoka hatukubeba kitu. Ni yeye aliyeamua, palepale, bila kuniuliza, akamwambia bibi kiti kiko mahali pake. Njia nzima ya kuteremka niligombana naye. Nilimwambia viti ni vyangu, si vyake. Kwamba sikuja kugawa. Kwamba mtu aliyenichomea hoteli yangu atacheka. Alitembea kwa fimbo yake akinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Sijamaliza."

"Malizia hotelini. Hapa pana utelezi."

Nilikuwa bado nimekasirika siku iliyofuata. Kisha, siku ya tatu, mwanamume wa makamo alisimama nje akiwa na galoni la maziwa kwenye baiskeli. Alisema mama yake amemtuma, na kwamba kama nataka, maziwa yatakuja kila asubuhi, nitalipa ninavyolipa wengine. Hakunitazama usoni. Nilijua ni nani, naye alijua kwamba ninajua. Nilichukua maziwa.

Mwezi wa Juni nilifungua. Nilikuwa na jozi mbili za viti vya ndege na mabenchi mapya, mapana, yenye mgongo, niliyoagiza kwa fundi wa Rongai. Nilimkatalia mara mbili mpaka alipopata upana ninaoutaka. Wale madereva waliobaki katika njia hiyo walirudi, si wote. Baba alimaliza mwezi akiwafunza wasichana wawili wapya, kisha nikamsindikiza kituoni akarudi Bondeni, akiwa amenipa maagizo ya taulo mpaka dirisha la basi likafungwa.

Yule mwenye maziwa aliendelea kuja kila asubuhi. Alishusha galoni mlangoni, akachukua lililo tupu, akageuza baiskeli. Siku ya kwanza ya hoteli kufunguliwa nilimwambia, "Ingia unywe chai kwanza." Akasema ana haraka. Nikamwambia tena kesho yake, akasema ng'ombe wanamngoja. Sikuwa na haja ya kumpenda. Lakini nilikuwa nimeamua kwamba mtu yeyote afikaye mlangoni kwangu ataulizwa, kwa hiyo nilimuuliza kila siku aliyokuja, naye kila siku akapata sababu. Wasichana walianza kunicheka.

Mwezi wa Agosti, asubuhi moja ya mvua kubwa, alisimama chini ya mabati akitiririka maji. Nikamuuliza kama kawaida. Akatazama barabara, akatazama mvua, akaegemeza baiskeli ukutani akaingia. Alikaa kwenye benchi lililo karibu kabisa na mlango. Msichana akampelekea taulo ya moto, akajifuta uso bila kuuliza ni ya nini, na mimi mwenyewe nikaenda kumuuliza atakunywa nini.

"Strungi," akasema. "Maziwa nimeyachoka."

Nikaenda kumtilia chai ya rangi.